Kiti cha Mfalme Hakikai Kitupu

Katika chama chochote cha ushirika kilicho na akili, mtu anayeshika ufunguo wa sanduku la fedha hashiki daftari la hesabu. Wakulima wa Butere, wa Malava na wa Mumias wajua jambo hili bila kufundishwa. Maana yake si kwamba mshika fedha adhaniwa kuwa mwizi. Huenda yeye ndiye mwaminifu kuliko wote. Sababu ni kwamba siku gunia moja litakapopungua, lazima awepo mtu wa pili awezaye kusema kwamba limepungua. Desturi hii ndogo ya ghala la mahindi ndiyo kanuni kubwa ya utawala wa nchi, nayo ndiyo iliyosahauliwa katika mwaka wa 1964, Kenya ilipoacha kuwa na Malkia ikawa Jamhuri.

Watu wengi, hasa vijana, hawajui kwamba Kenya huru ilikuwa ufalme kwa muda wa mwaka mmoja kamili. Tarehe 12 Desemba, 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa, lakini Malkia Elizabeth wa Pili aliendelea kuwa mkuu wa dola, akiitwa Malkia wa Kenya. Kwa kuwa yeye alikaa London, mahali pake hapa nchini palishikwa na Gavana Mkuu, Bwana Malcolm MacDonald. Kazi yenyewe ya serikali ilikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu, Bwana Jomo Kenyatta, ambaye alipaswa kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Utawala wa namna hii huitwa ufalme wa kikatiba. Mfalme ana taji, lakini hana amri: sheria hutiwa sahihi kwa jina lake, ila shauri la kuitia sahihi si lake.

Je, ilifaa ufalme huo ubadilishwe? Naam, ilifaa, na wala si vigumu kuona sababu. Mtu aliye huru huona haya kuapa kwa jina la mkuu akaaye ng'ambo ya bahari, ambaye hakumchagua na ambaye hawezi kumwuliza neno. Tanganyika ilikuwa imetangulia. Ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, na mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, ikawa Jamhuri, Bwana Julius Nyerere akawa Rais. Tena Wakenya walikuwa wametoka katika taabu za miaka ya Hali ya Hatari, ambapo watu walifungwa na kuhamishwa kwa jina la taji lile lile. Hakuna mwenye haki awezaye kuwalaumu kwa kutaka taji hilo liondoke.

Lakini kuamua kwamba taji liondoke ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuamua mamlaka yaliyokuwa yamefungwa katika taji yapewe nani. Kiti cha mfalme hakikai kitupu hata siku moja. Mfalme akiondoka asubuhi, kabla jua halijatua mtu mwingine amekwisha kukikalia, na yafaa wananchi wawe wamekubaliana mapema ni nani, na ni nani atakayemwangalia.

Katiba ya uhuru, iliyopatanwa katika mikutano ya Lancaster House mjini London, ilikuwa imegawa mamlaka katika mikono mingi. Nchi iligawanywa kuwa majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi. Jimbo la Magharibi lilikuwa jipya, lililokatwa kutoka Nyanza ya zamani, na makao yake makuu yakawa Kakamega. Jimbo lilikuwa na Baraza lake lililochaguliwa na wenyeji, lenye sauti katika mambo ya shule, ya ardhi, na hata katika sehemu ya kazi ya polisi. Bunge la Nairobi nalo lilikuwa na mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja kwa Nairobi. Na ili katiba isibadilishwe kwa pupa, vifungu vyake vikuu havikuweza kuguswa ila kwa kura 75 katika kila mia ya Wawakilishi, na kura 90 katika kila mia ya Seneti.

Chama cha KADU, kilichoongozwa na Bwana Ronald Ngala pamoja na Bwana Masinde Muliro, mzaliwa wa Magharibi, kilipigania majimbo kikihofu kwamba makabila madogo yatamezwa na makubwa. Chama cha KANU kilijibu kwamba majimbo ni ghali, yanaligawa taifa changa, na yanachelewesha maendeleo. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Fedha zilikuwa haba, makarani wenye ujuzi walikuwa wachache, na katika Kaskazini Mashariki palikuwa na vita vya shifta. Msomaji wa leo asidhani kwamba upande mmoja ulikuwa wa wenye akili na mwingine wa wajinga. Ulikuwa ugomvi wa kweli juu ya jambo la kweli, na ulistahili kuamuliwa kwa utaratibu.

Haukuamuliwa hivyo. Tarehe 10 Novemba, 1964, KADU ilivunjwa na viongozi wake wenyewe, na wabunge wake wakajiunga na KANU. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Desemba, Kenya ikawa Jamhuri. Wananchi hawakuulizwa kwa kura. Ilitosha kura ya Bunge. Waziri Mkuu aliyekuwapo akawa Rais bila ya uchaguzi mpya. Alipokea kiti cha Malkia na cha Gavana Mkuu, na kile cha Waziri Mkuu alichokuwa nacho hakukiacha. Mkuu wa dola, mkuu wa serikali, na Amiri Jeshi Mkuu, wote wakawa mtu mmoja. Wakati huo huo mamlaka ya majimbo yakaanza kurudishwa Nairobi. Ufunguo na daftari viliingia katika mkono mmoja.

Yaliyofuata yalikuja hatua kwa hatua, na kila hatua ilionekana ndogo. Mwaka wa 1965, kiasi cha kura za kubadilisha katiba kilishushwa kikawa 65 katika kila mia kwa mabaraza yote mawili. Mwaka wa 1966, Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na jina lake likapotea. Mwaka wa 1968, mabaraza ya majimbo, ambayo yalikuwa yamekwisha kuitwa ya mikoa na kunyang'anywa kazi, yalifutwa kabisa. Kwa sheria ya mwaka wa 1969, halmashauri za wilaya nazo ziliondolewa kazi za shule za msingi, za afya na za barabara. Mwaka wa 1982 iliandikwa katika katiba kwamba Kenya ni nchi ya chama kimoja, na neno hilo halikufutwa mpaka mwaka wa 1991.

Katika Kakamega mabadiliko hayo yalionekana kwa macho. Mahali pa Baraza la Jimbo palibaki Mkuu wa Mkoa, aliyeteuliwa na Rais na aliyewajibika kwa Rais, kama vile P.C. wa zamani alivyowajibika kwa Gavana. Mkulima aliyetaka kujua kwa nini daraja halijengwi, au kwa nini zahanati haina dawa, aliambiwa kwamba shauri hilo liko Nairobi. Huenda Nairobi walikuwapo watu wema wenye nia njema. Lakini mtu mwema aliye mbali, asiyeweza kuulizwa neno, humfaa mkulima kama vile mvua inyeshayo katika nchi ya jirani.

Mwenye busara aweza kupinga hapa na kuuliza: Je, kama Malkia angaliachwa katika kiti chake, mambo hayo yangalizuiwa? Jibu la haki ni kwamba yasingalizuiwa. Gavana Mkuu alitia sahihi kwa shauri la mawaziri, na kama mawaziri wangalitaka kuvunja Seneti, angalitia sahihi vile vile. Taji peke yake halikuwa ngao. Ngao ilikuwa ule mgawanyo wa mamlaka, yaani Seneti, mabaraza ya majimbo, na ugumu wa kubadilisha katiba. Kosa la mwaka wa 1964 halikuwa kuondoa taji. Kosa lilikuwa kuondoa taji na ngao kwa mkupuo mmoja, watu wakashangilia la kwanza wasilione la pili.

Kwamba taji si ngao, Unguja na Pemba ni ushahidi. Siku mbili kabla ya Kenya, tarehe 10 Desemba, 1963, visiwa hivyo vilipata uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdulla, navyo vikawa ufalme wa kikatiba wenye Waziri Mkuu, Sheikh Mohamed Shamte. Lakini katika uchaguzi wa Julai mwaka ule, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, na hata hivyo kikapata viti 13 tu kati ya 31. Serikali iliundwa na vyama viwili vilivyoshirikiana, kwa halali ya sheria, ila watu wengi hawakuiona kuwa yao. Hapakuwa na marekebisho ya kuiponya hali hiyo. Tarehe 12 Januari, 1964, yalitokea mapinduzi, Sultani akakimbia nchi, na watu wengi wakauawa. Ufalme usiojirekebisha kwa kalamu hurekebishwa kwa panga, na panga halichagui mwenye hatia na asiye na hatia.

Uganda nako kulionekana hatari ya namna nyingine. Mwezi wa Oktoba, 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, Kabaka wa Buganda, Mutesa wa Pili, alifanywa Rais wa Uganda nzima, huku Bwana Milton Obote akiwa Waziri Mkuu. Mtu mmoja akawa mfalme wa sehemu moja ya nchi na mkuu wa sehemu zote. Mwaka wa 1964 kura ilipopigwa juu ya wilaya ambazo Bunyoro ilizidai kutoka Buganda, na watu wa huko wakachagua kurudi Bunyoro, mkuu huyo alikuwa anavutwa huku na huku: kama Rais alipaswa kukubali, na kama Kabaka hakuweza. Mwaka wa 1966 Bwana Obote aliivunja katiba, askari wakalishambulia jumba la Kabaka huko Mengo, naye akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka wa 1969. Falme zote zikafutwa mwaka wa 1967. Ziliporudishwa katika mwaka wa 1993, zilirudi kwa mila na heshima tu, na katiba ya 1995 ikawakataza watawala wa jadi kuingia katika siasa za vyama.

Wala si lazima mtu wa Kakamega avuke mpaka ili ajifunze jambo hili, kwa maana lilitokea nyumbani kwake zamani kuliko kwingine kote. Ufalme wa Wanga ulikuwapo Mumias kabla ya kuja kwa Wazungu. Nabongo Mumia alikikalia kiti katika mwaka wa 1882, naye aliwahitaji wazee wa koo ili utawala wake usimame. Jirani zake wengi hawakuwa raia wake hata kidogo. Waingereza walimwona kuwa rafiki awezaye kuwafaa, na mwaka wa 1909 wakamfanya Chifu Mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini yote. Ndugu zake na jamaa zake wakatumwa kuwa machifu juu ya watu ambao hawakuwataka. Malalamiko yakawa mengi, yakadumu miaka mingi, mpaka watu wakapata machifu wa kwao.

Wako wadhanio kwamba ugomvi ule ulikuwa juu ya ufalme wenyewe. La, ulikuwa juu ya mamlaka yasiyo na mwangalizi. Mfalme aliyesimamishwa na wazee wake hana budi kuwasikiliza wazee. Mfalme aliyesimamishwa na D.C. humsikiliza D.C., na wazee wakisema hapana, neno lao halimtishi. Mumia alistaafu katika mwaka wa 1926, akafariki mwaka wa 1949. Leo Nabongo wa Wanga aheshimiwa katika mambo ya mila. Hatozi kodi, hahukumu kesi, na kwa hiyo hata wale ambao babu zao waliwalalamikia machifu wa Wanga waweza kumwamkia bila chuki.

Basi njia iliyo njema ni ipi? Kisiwa cha Morisi, katika Bahari ya Hindi, chaweza kuwa mfano. Kilipata uhuru tarehe 12 Machi, 1968, kikabaki na Malkia kama Kenya ilivyobaki. Tarehe 12 Machi, 1992, kikawa Jamhuri. Lakini huko, kiti cha Malkia kilipewa Rais, na kazi ya kutawala ikabaki kwa Waziri Mkuu aliye mbele ya Bunge kila siku. Taji liliondoka, watu wakapata mkuu wa dola wa kwao, na hakuna mtu aliyeamka asubuhi akiwa na mamlaka maradufu. Marekebisho hayo hayakuwa na kishindo kikubwa, na pengine hiyo ndiyo sifa yake.

Kenya nayo ilirudi katika njia, ingawa kwa mzunguko mrefu wa miaka 46. Tarehe 4 Agosti, 2010, wananchi waliulizwa kwa kura, jambo ambalo halikufanywa mwaka wa 1964, nao wakaikubali katiba mpya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti mwaka huo. Rais angali mkuu wa dola na mkuu wa serikali pamoja, lakini hayuko peke yake ghalani. Seneti imerudi. Kaunti 47 zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi, 2013, na Kakamega ni mojawapo, pamoja na jirani zake Bungoma, Busia na Vihiga. Katiba yasema kaunti zote kwa jumla zisipewe chini ya 15 katika kila mia ya mapato ya taifa. Zahanati, barabara za kaunti, kilimo, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji vimekuwa tena shauri la watu waliochaguliwa karibu na mkulima.

Hata hivyo, kila baada ya miaka michache huja mtu na shauri la kubadilisha katiba tena. Mapendekezo yaliyoitwa BBI, pamoja na mambo mengine, yalitaka kurudisha kiti cha Waziri Mkuu. Mahakama ya Juu iliyazuia tarehe 31 Machi, 2022, ikisema kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ambayo katiba imewawekea wananchi wa kawaida. Mashauri mengine yatakuja, mengine mema na mengine mabaya, na kuyakataa yote kwa woga ni kosa, kama Unguja ilivyoonyesha. Lakini karani asomaye hati hizo, na mkulima aelezwaye habari zake barazani, wafaa kuuliza mambo matatu kabla ya kupiga kura. La kwanza, mamlaka yanayoondolewa hapa yanapelekwa kwa nani? La pili, yule anayeyapokea alikuwa nayo mangapi tangu zamani? La tatu, akikosea, ni nani aliyewekwa wa kumwambia hapana, na mtu huyo anapata mshahara wake kutoka kwa nani?

Shauri likijibu maswali hayo vizuri, likubaliwe, liwe la ufalme au la jamhuri. Likishindwa kuyajibu, likataliwe, hata likiletwa na mtu apendwaye na wote. Kwa maana mtu apendwaye atakufa au atastaafu, na kiti alichokiongeza ukubwa atakiacha kwa mtu mwingine asiyejulikana.

Tena maswali haya yasipelekwe Nairobi tu. Gavana wa kaunti naye ana kiti, na Baraza la Kaunti ndilo daftari lililowekwa kando ya ufunguo wake. Sheria yataka wananchi waitwe kutoa maoni juu ya makisio ya fedha ya kila mwaka. Mikutano hiyo hufanywa, na mara nyingi viti vya nyuma huwa vitupu kwa sababu watu wamekwenda shambani au sokoni. Mwaka wa 1964 watu wa Kakamega waliweza kusema kwamba hawakuulizwa. Aulizwaye leo asiende hana udhuru huo, na siku gunia litakapopungua ghalani asistaajabu kuona kwamba hakuna aliyelihesabu.